Seva moja nyumbani, nyingine kwa dada: kumbukumbu za safari

Ijumaa

Leo nimebadilisha anwani za mtandao, maandalizi ya kupeleka nakala ya data yangu kwenye seva nitakayoiweka kwa dada. Ni kazi inayochosha, maana ukiimaliza hakuna kinachoonekana kimebadilika. Ruta ya kwangu inagawa anwani za 192.168.1, na ya kwa dada vilevile, kama zilivyotoka kiwandani. Nyumba mbili zisipojuana hakuna shida. Siku utakapoziunganisha, kompyuta ya hapa ikimtaka 192.168.1.20 wa kule haitavuka kwenda popote: itamtafuta humuhumu ndani, kwa kuwa kwa hesabu zake huyo ni wa mtandao huuhuu.

Anwani za ndani zina makundi matatu yaliyotengwa tangu 1996: zinazoanza na 10, zile za 172.16 mpaka 172.31, na za 192.168. Nimechukua la 10 kwa kuwa ndilo pana. Nyumbani ni 10.10, kwa dada 10.20, na 10.99 ni ya njia ya katikati. Nikisoma logi usiku macho yakiwa mazito, namba ya pili inanitosha kujua kitu kiko nyumba gani. Vifaa vingi vilihama vyenyewe baada ya kuzimwa na kuwashwa. Printa iligoma, kwa sababu anwani yake iliandikwa kwa mkono na mtu aliyekwishasahau aliiandika kwenye ukurasa upi.

Sababu ya yote haya ni nakala rudufu. Nyumbani diski ziko mbilimbili, pacha kwa pacha, juu ya ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili. Diski moja ikifa, pacha wake anaendelea na kazi. Lakini pacha hakukingi na moto wala mwizi, na ukifuta faili linafutika kwa wote wawili sekunde ileile. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeipa umaarufu kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya nyumba. Safari hii ni kwa ajili ya hiyo moja ya nje.

Jumamosi

Data yangu ni terabaiti 3. Laini ya nyumbani inapakia kwa megabiti 20 kwa sekunde siku ikiwa njema. Terabaiti 3 ni biti trilioni 24. Gawanya kwa milioni 20 upate sekunde milioni 1.2, yaani karibu siku 14 usiku na mchana, bila mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba kugusa intaneti. Matangazo ya intaneti hupigia debe kasi ya kupakua. Ya kupakia huandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa, na kwa kazi hii ndiyo yenye maana.

Basi nakala ya kwanza itasafiri nami. Mashine zote mbili ziko juu ya meza moja, kebo ya gigabiti katikati, na kwa megabaiti 110 hivi kwa sekunde kazi nzima haichukui hata saa 8. Baada ya hapo mtandao utabeba mabadiliko ya kila siku tu, ambayo kwangu ni gigabaiti chache.

Uzuri wa ZFS uko hapa. Unapiga snapshoti, yaani unaigandisha hali ya data ilivyo dakika hiyo, kisha unaiambia: mtumie mwenzako wa upande wa pili tofauti kati ya snapshoti ya jana na ya leo. Haipekui faili moja moja kuuliza lipi limebadilika. Inajua tayari vipande vipi vya diski vimeandikwa upya. Programu nyingine za nakala hutembea kwenye mafaili yote kila usiku, na ukiwa na picha laki kadhaa ndogondogo, huko kutembea kwenyewe ndiko kunakomaliza usiku.

Data yangu imesimbwa, yaani haisomeki bila ufunguo wa siri, na natuma kwa `zfs send -w`. Herufi hiyo w maana yake ni kwamba data inasafiri ikiwa imesimbwa vilevile ilivyolala kwenye diski. Mashine ya kule inaipokea, inaihifadhi, inaikagua kama imeharibika, lakini haina ufunguo wala haiuhitaji. Uwezo huu uliingia OpenZFS toleo 0.8, mwaka 2019. Kwangu ndio uliofanya wazo zima la kuweka diski zangu nyumba ya mtu mwingine likubalike. Atakayeondoka na sanduku lile ataondoka na chuma.

Jumapili

Seva ya mbali haina mtu wa kuibonyeza, kwa hiyo leo nimeshinda nikiitesa ikingali mikononi mwangu.

Jambo la kwanza ni BIOS, programu ya msingi inayoiamsha mashine. Kuna kipengele kinachouliza mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezima, iwake, au irudi ilivyokuwa. Bodi nyingi huja zimewekwa ibaki imezima. Nimeweka iwake. Kisha nikachomoa skrini na kibodi, nikang'oa waya wa umeme ukutani, nikasubiri, nikarudisha. Bodi nyingine husimama njiani na kulalamika kwamba hazioni kibodi, zikakungoja ubonyeze kitufe kwenye kibodi hiyohiyo isiyokuwepo. Hii ilipita.

La pili ni diski zinazokosekana. Nilichomoa diski ya nje iliyotajwa kwenye fstab, orodha ya diski ambazo Linux huziunganisha inapoamka, nikawasha. Linux ikaingoja sekunde 90, kisha ikaingia hali ya dharura: skrini nyeusi inayoomba nywila ya msimamizi, mtandao haujawaka, huwezi kuifikia kwa ssh, yaani kuipa amri kutoka mbali. Ukiwa umekaa mbele yake ni usumbufu wa dakika mbili. Ikiwa mbali ni nauli. Neno moja, `nofail`, kwenye mstari wa diski hiyo, na mashine inaendelea kuamka hata diski isipokuwepo.

Kila kebo nimeibandika karatasi ncha zote mbili, kwa Kiswahili cha kawaida: RUTA, UMEME, DISKI YA NJE. Siku moja nitakuwa naongea na mtu kwa simu, naye atakuwa amepiga magoti na tochi mdomoni.

Jumatatu

Safari. Diski nimezitoa kwenye sanduku nikazibeba kwenye begi la mapajani, kila moja ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na sponji pande zote. Diski ya sahani ikiwa imezimwa, vichwa vyake vimeegeshwa pembeni na inavumilia mshtuko mkubwa kuliko ikiwa inazunguka. Hata hivyo buti la gari linapokea mizigo ya watu wengine juu yake, nami sikutaka kulijaribu. Kabla ya kuondoka nilinakili namba za SMART za kila diski, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, hasa idadi ya sekta zilizohamishwa. Nilipofika nikalinganisha. Hakuna iliyobadilika.

Mahali pa kuiweka palizua mjadala. Mimi nilitaka ubaraza wa ndani, karibu na ruta. Dada akasema, "Kaka, hako kataa kanakomweka usiku kucha pale mlangoni mwa watoto, hapana." Ana haki. Tukaishia rafu ya juu ya stoo: pakavu, pana hewa, mbali na sakafu inayopigwa deki. Taa za mbele nimezizima kwenye BIOS, feni nimeipunguza. Mashine ikiwa imetulia inakula wati 30. Kwa mwaka hizo ni uniti 263 hivi za umeme, na tumekubaliana mimi ndiye ninayezilipa. Anayekaribisha seva ya mtu anastahili kuambiwa namba hiyo kabla, si baada ya bili.

Usiku nikaangalia ruta yao imepewa anwani gani na mtoa huduma. Inaanza na 100.72. Kundi la 100.64 mpaka 100.127 lilitengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Maana yake, hakuna poti nitakayoifungua kwenye ruta ya dada itakayoonekana kutoka nje. Mlango halisi uko kwa mtoa huduma, na si wetu. Kwa hiyo mwelekeo umejiamua wenyewe: kule ndiko kutakakopiga simu nyumbani, na nyumbani hakutapiga kule kamwe.

Jumanne

Kazi ya lango la kule nimeipa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, badala ya seva yenyewe. Nikiiwasha seva upya, au ikigoma, nataka kitu kingine pale ndani ambacho bado naweza kuongea nacho. Kidogo, hakina feni, na kina kazi moja.

Njia ya katikati ni WireGuard, programu inayounganisha mitandao kwa njia iliyosimbwa kupitia intaneti, kazi ya Jason A. Donenfeld, iliyoingizwa kwenye keneli (kiini) ya Linux toleo 5.6 mwezi Machi 2020. Kila upande una ufunguo wa siri na wa wazi, na kila mwenza ameandikiwa anwani anazoruhusiwa. Orodha hiyo ya anwani inafanya kazi mbili: inaamua pakiti (kipande cha data) ipi iende kwa mwenza yupi, na inakataa pakiti iliyotoka kwa mwenza huyo ikiwa na anwani isiyo yake. Kwa kuwa kule kuko nyuma ya mtoa huduma, nimeweka `PersistentKeepalive = 25`, ili kila sekunde 25 ipite pakiti tupu na kile kitundu kwenye ruta zao kisizibe.

Ping, ile pakiti ndogo ya kuuliza kama upande wa pili upo, ikapita. Nikafurahi mapema. Ssh ikaganda kabla ya kuomba lolote. Ukurasa mdogo wa wavuti ukafunguka, mkubwa ukabaki mweupe. Kunakili faili kukaanza, kiasi kikaandikwa sifuri, kikabaki sifuri. Ukiona dalili hizi tatu pamoja usiguse faiawoli: pakiti ndogo zinapita, kubwa zinafia njiani. Nikapima kutoka kwenye Pi kwenda anwani ya nje ya nyumbani, nje ya WireGuard, kwa ping yenye marufuku ya kukatwa vipande:

`ping -M do -s 1412`

Hiyo ilipita. Nilipoongeza baiti moja tu, kimya. Ukijumlisha baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP, laini ile inabeba pakiti za baiti 1,440, si 1,500 za kawaida. WireGuard juu ya IPv4 hula baiti 60 kwa ajili ya vifungashio vyake, na chaguo-msingi lake la 1,420 linategemea laini kamili. 1,440 toa 60 ni 1,380. Nikaandika MTU = 1380, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, pande zote mbili na kila kitu kikaamka kwa pamoja, ssh, kurasa na nakala, bila mimi kugusa kingine.

Jumatano

Kila anayesikia nina mashine mbili za Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe kadhaa ndani ya kompyuta moja, huniuliza kwa nini sizifungi ziwe klasta moja. Inavutia: ukurasa mmoja, mashine zote kwenye orodha moja, bofya uhamishe. Ila klasta inaendeshwa kwa kura. Ili itende jambo inahitaji akidi, yaani zaidi ya nusu ya kura zote. Kura zikiwa mbili, zaidi ya nusu ni mbili. Laini ya intaneti ikikatika kati ya nyumba hizi, kila upande unabaki na kura moja, akidi inakosekana kote, faili za mipangilio zinafungwa zisiandikike, na mashine pepe iliyozimwa haiwashiki. Nyumba mbili zenye afya njema zinagoma kwa sababu ya waya wa katikati. Unaweza kuongeza mpiga kura wa tatu mahali pengine, lakini Corosync, inayohesabu kura hizo, inataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 5 hivi. Mimi napata 38, na hakuna mpangilio wa kuipunguza. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kilomita kama 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 za waya ni milisekunde 1 ya kwenda na kurudi kabla hata vifaa vya njiani havijagusa pakiti.

Kwa hiyo ni mashine mbili huru, kila moja na mambo yake, na data inayotumwa kutoka moja kwenda nyingine. Basi.

Majina nayo nimeyagawa. Kila nyumba ina seva yake ya DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, na ya kule inajibu majina ya ndani hata njia ya katikati ikiwa imekufa. Ingekuwa inauliza nyumbani, watoto wa dada wangepoteza intaneti kila ruta yangu inapozimwa, na hapo ndipo ukaribisho unapoisha. Kiambishi cha majina ni home.arpa, kilichotengwa rasmi mwaka 2018 kwa mitandao ya majumbani, hivyo hakitagongana na jina la mtu yeyote kwenye intaneti ya nje.

Jina la nyumbani kwangu lina shida ya peke yake. Anwani yangu ya nje hubadilika mara kwa mara, na WireGuard hulitafuta jina la mwenza mara moja tu, inapoanza. Baada ya hapo inashikilia anwani iliyoipata. Kwenye Pi kuna hati ndogo ya amri inayoendeshwa kila dakika: ikiona mwenza kimya muda mrefu, inalitafuta jina upya kupitia DNS ya nje.

Alhamisi

Kurudi. Nakala ya kwanza ya usiku ilikwisha kabla sijapanda gari, na nyingi ya safari nimelala.

Ijumaa

Simu asubuhi. Mpwa wangu.

"Shikamoo mjomba. Umeme ulikatika usiku, sasa umerudi. Mama anasema nikwambie."

"Marahaba. Kale kadogo kenye taa ya kijani kanamweka?"

"Kanamweka. Na lile kubwa linanguruma."

Vyote viwili vimewaka, basi, ila njia haipo. Nyumbani nikafungua `tcpdump`, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye poti ya WireGuard nikatazama. Kila baada ya sekunde 5 inafika pakiti ya baiti 148 kutoka upande wa dada. Hizo 148 ni urefu kamili wa ombi la kwanza la kusalimiana kwa WireGuard, na jibu lake huwa baiti 92. Hakuna hata 92 moja iliyokuwa ikitoka. Intaneti ya kule ni nzima, Pi ni nzima, ombi linafika mlangoni kwangu, na seva yangu inalisoma na kulitupa kimya. WireGuard imeundwa hivyo: asiyestahili hajibiwi chochote, hata neno la kukataliwa, ili anayepapasa kutoka nje asijue kama kuna mlango. Ni ulinzi mzuri, na ukiwa unatafuta hitilafu ni mateso.

Funguo hazikubadilika usiku. Kilichobadilika ni saa. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, muda unasimama. Mfumo wake huhifadhi saa kwenye faili mara moja kwa saa na kuisoma tena unapoamka, kwa hiyo baada ya umeme kukatwa ghafla Pi iliamka ikiamini kwamba ni jana usiku. Sasa, ndani ya lile ombi la baiti 148 mna mhuri wa muda uliosimbwa. Anayepokea hukumbuka mhuri mkubwa kuliko yote aliowahi kuuona kutoka kwa mwenza huyo, na hukataa wowote usiouzidi, kwa sababu mtu aliyenasa ombi la zamani na kulirusha tena angeonekana hivyohivyo. Seva yangu ilikuwa na mhuri wa saa za usiku uliotangulia kukatika. Pi ilikuwa ikileta wa nyuma yake.

Pi ingejirekebisha kwa NTP, njia ya kusawazisha saa kupitia mtandao, ndani ya sekunde chache, ila mashine zote za kule zimepangwa zisome saa kutoka seva ya nyumbani, 10.10.0.5, ambayo hufikiwa kupitia njia ileile. Bila njia hakuna saa, bila saa hakuna njia. Mzunguko kamili, na kila sehemu yake ikitazamwa peke yake iko sawa.

Kungoja saa ya Pi iupite ule mhuri kungesaidia, ila kwa bahati kuna njia fupi kutoka huku. Kumbukumbu ya mhuri iko ndani ya keneli ya nyumbani na inafungamana na mwenza. Nikamfuta mwenza huyo kwenye orodha ya WireGuard, nikamwandika upya kwa ufunguo uleule. Ombi lililofuata likakuta seva isiyomkumbuka, likakubaliwa, baiti 92 zikatoka. Dakika hiyohiyo saa ya Pi ikaruka kutoka jana hadi leo.

Dawa ya kudumu ina sehemu mbili. Pi sasa inasoma saa kutoka seva za umma za NTP kupitia intaneti ya kawaida, nje ya njia ya WireGuard, na kwa anwani za namba pamoja na majina, ili DNS nayo isijiingize kwenye mnyororo. Ya pili itangoja safari ijayo: moduli ya saa ya DS3231 yenye kibetri chake cha duara, inayopotoka kwa takriban dakika moja kwa mwaka. Mchana wote nimeutumia kuchora kwenye karatasi nani anamhitaji nani ili aamke. Mishale yote inayotoka kule kuja nyumbani nimeifuta, isipokuwa ule wa nakala zenyewe.

Simu ya jioni kwa dada ilikuwa fupi. "Imepona?" Imepona. "Haya."

Jumamosi

UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Ninazo mbili za aina moja, kila nyumba yake, kwa hiyo ya hapa ndiyo ya majaribio. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Ukitoa kinachopotea kwenye kugeuza umeme na uzee wa betri ya risasi, usizitegemee zote. Kazi yake ni kuipa mashine muda wa kuzima kwa adabu.

NUT, programu inayoongea na UPS, inafanya hivyo vizuri. Mtego uko kwenye kurudi. Fikiria betri imebaki kidogo, NUT inaizima seva, na umeme unarejea seva ikiwa imeshazimika lakini UPS bado ina chaji. UPS haikukata umeme hata sekunde moja. Kwa BIOS hakuna umeme uliorudi kwa sababu hakuna ulioondoka, na ile nafasi ya "iwake umeme ukirudi" haina cha kuishtua. Seva inalala mpaka mtu aende. Suluhisho liko ndani ya NUT yenyewe: mwisho kabisa wa kuzima, inaiamuru UPS ikate umeme wa kutoka kisha iuwashe tena ukutani ukiwepo. Si UPS zote zinazotii amri hiyo. Ya kwangu imetii. Nimeijaribu kwa kurudisha umeme katikati ya kuzima, wakati mbaya kuliko wote, na mashine ikainuka.

Kabla ya kupeleka mpangilio huo kule niliweka kamba ya usalama ninayoiweka kila niguse mtandao wa mbali: `systemd-run --on-active=10min` na hati inayorudisha mipangilio ya zamani. Nikijifungia nje, baada ya dakika kumi mlango unajifungua. Nikibaki ndani, naifuta hati. Ruta za makampuni makubwa zina amri ya namna hii tayari. Sisi wa majumbani tunajitengenezea.

Na ishara ya uhai nimeigeuza. Kule hakutumi tena ujumbe wa "nimeharibika", maana mfu hatumi ujumbe. Kunatuma "nipo" kila dakika tano, na seva ya nyumbani inanipigia kelele ujumbe huo ukikosekana.

Jumapili

Jaribio la kurejesha. Nimechagua folda moja ya picha, nikavuta snapshoti yake kutoka kule mpaka kwenye diski tupu ya hapa, nikaifungua kwa ufunguo, nikapiga sha256, yaani alama ya utambulisho ya kila faili, pande zote mbili. Zimelingana mstari kwa mstari.

Ufunguo wenyewe umenipa kazi ya kufikiri kuliko mtandao. Uko kwenye seva ya nyumbani, na nyumba ikiteketea unaondoka nayo, kisha kule kunabaki terabaiti 3 za takataka zisizosomeka. Kumpa dada aweke nao stoo ni kuweka kufuli na ufunguo rafu moja. Nimeuchapa kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, na itakaa kwa mtu wa tatu asiyekaa kwenye nyumba yoyote kati ya hizi mbili.

Kisha hesabu ya mwisho. Laini ya dada inapakia kwa megabiti 10. Nikipoteza kila kitu hapa, kuvuta terabaiti zote 3 kutoka kule ni karibu siku 28, na watoto wakinuna muda wote huo. Kwa hiyo mpango wa maafa nilioubandika ndani ya mlango wa kabati la seva hauna amri hata moja ya mtandao. Umeandikwa: mpigie dada, mwambie azime lile kubwa kwa kitufe cha mbele na asubiri mpaka linyamaze, panda gari, kachukue diski mbili zenye karatasi ya kijani. Nakala ya maelezo hayohayo iko kwake, juu ya sanduku, kwa herufi kubwa.